Unataka kujitolea kupitia klabu ya huduma? Anza karibu na wewe, halafu ndo ufikirie nje

Mtu akipata hamu ya kujitolea, mara nyingi kitu cha kwanza anachotafuta ni safari. Anaingia intaneti, anakutana na makampuni yanayouza wiki mbili za kusaidia sehemu fulani ya mbali, unalipa hela nyingi, unapangiwa kazi ambayo hukuisomea, unapiga picha na watoto, unarudi kwenu, na wale watoto wiki inayofuata wanaletewa mgeni mwingine. Mimi hiyo njia siishauri kabisa. Ninayoiamini ni ya klabu za huduma, zile ambazo watu wa kazi mbalimbali wanakutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, wanachanga, wanafanya projekti kwenye eneo lao, na huko nje wana klabu wenzao zinazofanya hivyo hivyo. Ukianza na klabu ya karibu na wewe unajifunza kazi kwanza, halafu ukija kwenda nje unaenda kwa wenyeji waliokuita na wanaojua unakuja kufanya nini.

Klabu ziko nyingi, chagua ile ya karibu

Zinazojulikana zaidi ni Rotary, ilianza Chicago mwaka 1905 na wakili mmoja anaitwa Paul Harris na wenzake watatu, Lions nayo Chicago 1917 chini ya Melvin Jones, na Kiwanis ya Detroit 1915 ambayo nguvu yake kubwa iko kwa watoto. Lions ukiona wanahangaika sana na macho ni kwa sababu mwaka 1925 Helen Keller, ambaye alikuwa haoni wala hasikii, alisimama kwenye mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu, wakakubali na hawajaacha mpaka leo. Kuna Zonta (1919) na Soroptimist (1921) zilizoanzishwa kwa ajili ya wanawake, maana wakati huo hizo nyingine zilikuwa za wanaume tu, Lions walifungua mlango kwa wanawake 1987 na Rotary wakabadilisha sheria yao 1989. Vijana wana za kwao: Interact ni miaka 12 hadi 18, Rotaract kuanzia 18 na kuendelea (zamani ukifika 30 unatoka, hiyo kanuni iliondolewa 2020), Lions wana klabu zinazoitwa Leo, Kiwanis wana Key Club kwa wanafunzi wa sekondari.

Sasa usichague kwa jina. Klabu mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kabisa, moja inafanya kazi kila mwezi na nyingine inakula chakula cha jioni tu na kupiga picha na hundi kubwa ya karatasi. Nenda kama mgeni, wageni wanakaribishwa, andika imeli au piga simu kwa katibu umwambie ungependa kuhudhuria kikao. Usiende mara moja tu ukaamua, nenda kadhaa. Sikiliza muda unatumika kwenye nini. Uliza projekti tatu za mwisho ni zipi, nani aliziomba, na zikoje leo, na hapo kwenye zikoje leo ndo pa kukazia, kwa sababu kila klabu inajua kuelezea siku ya uzinduzi lakini ni chache zinazojua kama kile kitu bado kinafanya kazi. Angalia pia mgeni mwenye umri mdogo au asiye na cheo anavyopokelewa, akiongea wanamsikiliza au wanamkatiza?

Uliza hela bila aibu. Kuna ada ya mwaka, kuna ya kimataifa, mara nyingi kuna chakula cha kikao, kuna michango ya papo kwa papo na sherehe ya mwisho wa mwaka, ukijumlisha inaweza kukuzidi na ni bora ujue mapema kuliko kuingia halafu ukaanza kukwepa vikao. Uliza pia kama hela za wananchi zinatengwa na hela za klabu. Lions wana kanuni kali kwenye hili, kilichochangishwa kwa umma lazima kirudi kwa umma, gharama za kuendesha klabu zinatoka kwenye ada za wanachama wenyewe, na mimi naona klabu yoyote ya jina lolote inapaswa iishi hivyo, akaunti mbili, vitabu viwili. Mweka hazina akianza kuzungukazunguka kwenye swali hilo tafuta klabu nyingine.

Kuingia kwa kawaida kunahitaji mwanachama wa kukudhamini, unajaza fomu, bodi inakaa inaamua, halafu siku ya kupokelewa unavishwa beji. Kama hujui mtu yeyote ndani si tatizo, ukihudhuria mara kadhaa watakufahamu. Ila kitu kimoja, kama unaingia ili upate wateja wa biashara yako watu wanaona mapema sana, na ukishaonekana hivyo hakuna atakayekuamini kwenye kamati ya maana.

Muda wa kuingia nao una maana yake. Mwaka wa Rotary na Lions unaanza tarehe 1 Julai, marais wa klabu wanabadilika kila mwaka, kwa hiyo ile miezi miwili mitatu kabla ya Julai ndo rais mtarajiwa anapanga kamati na kutafuta watu. Ukijitokeza wakati huo ukasema nina Jumamosi mbili kwa mwezi na najua kitu fulani, unapangiwa kazi halisi. Ukija katikati ya mwaka utakuta kila kitu kimeshagawanywa na utaishia kukaa kama mtazamaji.

Ukishaingia

Sema ukweli kuhusu muda wako. Kujitolea kunaharibiwa zaidi na watu walioahidi sana kuliko walioahidi kidogo, mtu anasema nitakuja na gari, watu wanapangwa kwenye hilo gari, asubuhi simu yake imezimwa. Kama hutaweza, sema jana yake mchana, mwenzako apate muda wa kutafuta mbadala. Na usisubiri kupewa kitu kikubwa. Kazi ambazo klabu zinakosa watu wake ni zile za kuandika majina mlangoni, kupiga simu za kukumbusha, kutunza risiti, kuandika ripoti, kuosha vyombo baada ya shughuli. Kama wewe ni mhasibu, fundi umeme, nesi, dereva au unajua kutengeneza jedwali zuri kwenye kompyuta, sema, maana watu wa kupaka rangi ukuta wa shule wako wengi na mara nyingi hapo mtaani kuna fundi wa rangi anayehitaji hiyo kazi kwa ajili ya kula yake.

Projekti yenyewe

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo klabu nyingi nzuri zinakosea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kabla ya kununua chochote nenda ukaulize. Usiulize mnataka nini, ukiuliza hivyo utaletewa orodha ya kile watu wanachodhani unaweza kutoa. Uliza siku yao inaendaje, nini kinawachukulia muda, walishajaribu nini wenyewe, kilikwama wapi. Ongea na wanawake peke yao, vijana peke yao, maana kwenye mkutano wa wote anayeongea ni yule yule. Rotary kwenye ruzuku zao kubwa wamelifanya hili kuwa sharti, bila tathmini ya mahitaji iliyofanywa na jamii yenyewe ombi halipiti, na wamefanya hivyo kwa sababu wameshaona vitu vingi vimejengwa na havitumiki.

Chukua pampu ya maji ya mkono. Siku ya kuzindua kila mtu anafurahi, baada ya muda vile vipira na valvu za ndani vinachakaa kwa sababu ndivyo vilivyo, ni vitu vya kubadilishwa. Kama hakuna duka karibu lenye vipuri vyake, hakuna mtu aliyefundishwa kuifungua, na hakuna hela iliyokusanywa, pampu inakufa na watu wanarudi kwenye maji ya zamani. Kwa hiyo maswali ni haya: nani ana ufunguo, nani anakusanya mchango na anauweka wapi, fundi ni nani na anaishi umbali gani, kipuri kinapatikana wapi na kwa bei gani. Majibu yakiwa hayapo projekti haijawa tayari, hata kama hela ipo tayari. Na maji yapimwe maabara kabla ya kuruhusu watu wanywe, kuna maeneo ardhi yenyewe ina floridi nyingi au aseniki na kwa macho huwezi kujua.

Mfano mwingine ambao naupenda kwa sababu mtu asiye daktari anaweza kusaidia sana ni kambi ya macho, ya kutafuta wenye mtoto wa jicho na kuwapeleka kufanyiwa upasuaji. Madaktari wanafanya ya kwao, lakini kazi nyingine zote ni za wanaojitolea. Kupima uwezo wa kuona unajifunza asubuhi moja: chati inawekwa mita 6 kutoka kwa mtu (kuna chati za mita 3 pia, soma imeandikwaje), sehemu yenye mwanga, anaziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, unaanza na la kulia, unaandika kila jicho peke yake. Asiyejua kusoma anatumia chati ya herufi E iliyogeuzwa pande zote, anaonyesha kwa vidole mikono ya E imeelekea wapi, na muonyeshe karibu kwanza mpaka aelewe, maana ukimharakisha utaandika haoni kumbe hajaelewa tu. Baada ya hapo daktari anachagua nani wa kupasuliwa, wanapimwa presha na sukari, na hapo inaanza kazi ambayo ndo inaamua kambi imefaulu au la: simu jioni ya kabla, usafiri, mtu wa kumsindikiza kwa sababu anarudi jicho limefungwa, asubuhi yake bandeji inatolewa na anakaguliwa, anapewa dawa ya matone ya wiki kadhaa na kuna mtu wa kuhakikisha anaitumia, halafu baada ya mwezi au zaidi anaangaliwa tena kama anahitaji miwani. Klabu ikihesabu idadi ya waliopasuliwa tu bila kuhesabu wangapi walirudi kukaguliwa, hiyo hesabu haijakamilika.

Vitu vya kugawa bure viangalie kwa makini. Nguo, viatu na chakula vikimwagwa sehemu ambayo kuna wauzaji, unawaua wale wauzaji. Kukiwa na mafuriko au moto ni sawa, gawa haraka, lakini kwa siku za kawaida nunua hapo hapo kwa watu wa hapo.

Kwenye watoto hakuna mjadala. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, wawe watu wazima wawili, wanaofanya kazi na watoto wachunguzwe historia yao kwanza, na picha ya mtoto haitumwi popote bila ruhusa ya mzazi wake. Kuna watakaosema klabu yetu tunajuana wote. Kanuni hizi zimewekwa hata kwa wanaojuana.

Kwenda nje

Njia ziko kadhaa. Ya kwanza na bora kwangu ni kupitia projekti ambayo klabu yako inashirikiana na klabu ya nchi nyingine. Ruzuku ya kimataifa ya Rotary lazima iwe na pande mbili, klabu mwenyeji kule projekti iliko na klabu mshirika ya nje, na bajeti isipungue dola 30,000, kwa hiyo kama klabu yako iko kwenye mojawapo tayari kuna watu kule unaoweza kuongea nao kwa simu muda mrefu kabla ya kupanda ndege. Muulize mwenyekiti wa kamati ya kimataifa wa klabu yako. Kama hakuna ushirika wowote unaweza kuuanzisha wewe, lakini jiandae kwa mwaka au zaidi wa barua na vikao.

Ya pili ni kampeni za chanjo ya polio. Rotary wako kwenye hili tangu 1985 na mwaka 1988 walipoungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine, polio ilikuwa inapooza watu kama 350,000 kwa mwaka kwenye nchi 125, leo nchi ambako virusi vya asili havijawahi kukatika zimebaki mbili, Pakistan na Afghanistan. Wanachama kutoka nje hujiunga na wahudumu wa afya kwenye siku za chanjo za nchi mbalimbali. Kazi ni kutembea sana: nyumba kwa nyumba na kikasha chenye barafu, kila mtoto wa chini ya miaka 5 matone mawili mdomoni, kidole kidogo kinapakwa wino ili asirudiwe, ukutani au mlangoni inaandikwa kwa chaki watoto wangapi wapo na wangapi wamechanjwa. Ukibeba kikasha jifunze kusoma lebo ya kichupa, ina duara na ndani yake kimraba, kimraba kinaanza kikiwa cheupe, joto likizidi kinakolea, rangi yake ikilingana na ya duara au ikipita hapo, kichupa hicho hakitumiki tena hata kama foleni ni ndefu kiasi gani. Mgeni hapa anamfuata mhudumu wa eneo hilo, yeye ndo anaaminiwa na akina mama, wewe mikono yako ni ya kubeba, kuandika na kupaka wino.

Vijana wana mabadilishano, ya Rotary unaishi na familia na kusoma shule ya huko kwa mwaka wa masomo, Lions wana kambi za vijana. Hizo zinaombwa kupitia klabu ya kwenu, mapema, na wazazi wanahusishwa.

Kabla ya kununua tiketi jiulize hela ya hiyo tiketi ingefanya nini kule. Kama ungeenda kuchimba mtaro, tuma hela, wapo wanaojua kuchimba kukuzidi na wanahitaji hiyo ajira. Kama una ujuzi ambao wenyeji wameuomba, mfano kufundisha mafundi wa vifaa vya hospitali au kuwasaidia kuweka mfumo wa hesabu, hapo safari ina maana, na panga kufundisha watu watakaobaki na huo ujuzi badala ya kufanya wewe na kuondoka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji anapona kama mgeni amekuja na kile alichoombwa. Subiri uitwe. Kuitwa maana yake ni barua au imeli kutoka klabu mwenyeji inayosema tarehe, kazi, utalala wapi na nani anakupokea.

Vituo vya watoto yatima sitavipendekeza kwa mgeni wa muda mfupi. Watoto wengi wanaolelewa humo wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na hela za wageni ndo zinafanya baadhi ya watu waendelee kuwakusanya. Mtoto naye anakuzoea, unaondoka, anakuja mwingine, anaondoka. Ukitaka kusaidia watoto hao, saidia projekti zinazowarudisha na kuwaweka kwenye familia.

Makaratasi sasa. Nchi nyingi viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi hata kama hulipwi, klabu mwenyeji ikuulizie uhamiaji wao kibali gani kinatakiwa, usidanganye mpakani. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Daktari, nesi au mfamasia lazima asajiliwe kwa muda na baraza la nchi anayoenda, bila hilo haruhusiwi kugusa mgonjwa, na asiye mtaalamu hafanyi huko kitu ambacho kwao haruhusiwi kufanya. Dawa za kupeleka ziwe zimeombwa, na muongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanjwa wiki ya safari, na tangu 2016 kinadumu maisha yako yote. Bima iwe ya matibabu pamoja na kusafirishwa kurudishwa ukiumia. Na jifunze lugha yao hata kidogo: salamu za rika zote, namba, tafadhali kaa hapa, subiri kidogo, asante, inauma wapi. Watu wanakufungukia tofauti kabisa.

Ukifika, wiki ya kwanza angalia na uulize zaidi. Ukiona kitu unadhani kimekosewa mwambie mwenyeji wako pembeni, sio kwenye kikao, na kubali kwamba mara nyingi kina sababu yake ambayo hujaijua.

Ukirudi kazi haijaisha. Risiti zote zipigwe picha siku ile ile unapozipata maana karatasi za mashine zinafutika, ripoti iandikwe kabla hujasahau. Ruzuku ya kimataifa ya Rotary inataka ripoti kila miezi 12 na ya mwisho ndani ya miezi miwili baada ya projekti kuisha, na klabu ikichelewa inazuiliwa ruzuku nyingine, wakati mwingine kwa sababu tu aliyekuwa na makaratasi alihama mji. Piga simu kwa mwenyeji baada ya miezi mitatu, sita na mwaka, uliza yale yale ya mwanzo, nani ana ufunguo, mchango unakusanywa, fundi bado yupo. Tarehe za hizo simu mpe rais anayekuja Julai, na namba ya fundi iandikwe kwenye faili la klabu, isibaki kwenye simu yako peke yake.